Zahanati ya kijiji kwa fedha za mgodi: shajara ya miaka miwili na nusu

Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi ya kijiji. Kijiji chetu kiko Kanda ya Ziwa, Tanzania, kilomita sita kutoka uzio wa mgodi mkubwa wa dhahabu. Usiku taa za mgodi tunaziona zote, na wakilipua mwamba mchana vyombo vinatikisika kabatini. Nimeandika kila hatua ilipokamilika, pamoja na gharama, ili kijiji kingine kilicho kando ya mgodi kisipoteze muda tulioupoteza sisi. Majina ya watu, ya kampuni na ya halmashauri nimeyaacha kwa makusudi.

12 Februari 2023: Tunaanzia hapa

Tuna boma lililosimama tangu 2019. Lenta imefungwa, paa hakuna. Kila kaya ilitoa shilingi 15,000, akina mama wakasomba maji, vijana wakaponda kokoto, halafu fedha ikaisha. Mvua za miaka minne zimelila: kozi mbili za juu upande wa mashariki unazipukutisha kwa kidole, na ndani umeota mnyonyo unaonizidi urefu.

Sera ya nchi, tangu mpango wa afya ya msingi wa 2007, ni zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata. Zahanati tunayotumia iko kilomita 14. Bodaboda mchana ni 5,000, usiku ni 12,000 na unabembeleza. Mwezi uliopita mama mmoja alijifungulia chini ya mwembe wa njia panda, mwenye bodaboda akimulika kwa simu. Mtoto ni mzima, ila kikao cha jana kilianza na habari hiyo na hakuna aliyetaka kuzungumzia jambo lingine. Kamati ya watu tisa imeundwa, wanawake watano. Lengo ni zahanati inayofanya kazi, yenye mtumishi na dawa. Jengo tupu hatulitaki.

4 Aprili 2023: Barua getini

Tumeandika barua ya kuomba msaada na kuipeleka getini mgodini. Tumeambatisha ramani tuliyochorewa mjini kwa 150,000. Nauli za watu watatu, mara mbili, 84,000. Mlinzi ameipokea na kugonga muhuri.

21 Mei 2023: Barua imerudi

Siku 47. Afisa mahusiano wa mgodi ametuita na kutueleza kwa heshima kwamba kampuni haipokei tena maombi ya kijiji kimoja kimoja. Kila kitu kinapitia mpango wa mwaka unaokubaliwa na halmashauri. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na najua vijiji jirani viwili vilivyofanya hivyo hivyo: tulikwenda kwa kampuni kama mtu anayekwenda kwa tajiri, kumbe kuna sheria na kuna meza ya kukaa.

25 Juni 2023: Tumesoma

Diwani wetu ameleta nakala ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, pamoja na marekebisho ya 2017. Tumekaa chini ya mkorosho wa ofisi ya kijiji tukaisoma kifungu kwa kifungu, mwalimu wa sekondari akitufafanulia, maana nakala yenyewe ni ya Kiingereza. Kifungu cha 105 ndicho kinachotuhusu. Mwenye leseni anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa wajibu wake kwa jamii, ule ambao hapa kila mtu anauita CSR, na halmashauri iukubali, kwa kushauriana na waziri wa serikali za mitaa na waziri wa fedha. Mpango ufuate vipaumbele vya jamii inayozunguka mgodi. Halmashauri nayo imepewa kazi tatu: kuandaa mwongozo, kusimamia utekelezaji, na kuwaelimisha wananchi. Mwaka huu zimetoka pia kanuni mahususi za jambo hili.

Hapa wengi wetu, mimi nikiwemo, tulikuwa tunachanganya mifuko. Niiweke wazi, kwa sababu kwenye mikutano ndiyo inayozua ugomvi:

Mrabaha, yaani tozo ya madini yanayochimbwa, kwa kawaida asilimia 6 kwa dhahabu, unakwenda Serikali Kuu, na juu yake kuna ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Ushuru wa huduma, ambao mwaka huu wa 2023 ni asilimia 0.3 ya mauzo, unakwenda halmashauri na unaingia kwenye bajeti yake ya kawaida, kwa hiyo baraza la madiwani ndilo la kuulizwa umetumikaje. Fidia ni ya mtu aliyeondolewa kwenye ardhi yake. Ni haki yake binafsi na haigeuzwi kuwa darasa wala zahanati. CSR ni mfuko wa nne, wenye mpango wake na saini zake. Ukimwendea mtu wa mfuko huu kwa hoja ya mfuko ule, utazungushwa mpaka uchoke.

Kiasi cha CSR kinategemea makubaliano ya kila mgodi. Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya madini ya Barrick na Serikali: baada ya kuundwa kwa kampuni yao ya pamoja, Twiga Minerals, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16, Barrick iliahidi dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu itakayouzwa na migodi ya North Mara na Bulyanhulu ziende kwenye afya, elimu, maji na barabara za jirani. Uzuri wa fomula hiyo ni kwamba mwanakijiji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Wakia 200,000 ni dola 1,200,000. Kwetu hakuna fomula ya namna hiyo. Kuna kiasi kinachojadiliwa kila mwaka, na anayejiandaa ndiye anayesikika.

Gharama ya hatua hii: kurudufu nakala 30 za kifungu, 9,000. Hakuna fedha tuliyoitumia vizuri kuliko hiyo.

14 Oktoba 2023: Mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano ulikuwa mgumu. Tulikuwa na siku chache kabla orodha ya vipaumbele haijapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata. Vijana walitaka ajira na uwanja wa mpira. Wazee walitaka barabara ya kwenda mnadani. Akina mama walitaka zahanati, na kikundi cha bustani kilitaka soko la mboga mgodini.

Mwenyekiti alikosea mwanzoni kwa kutaka kura ya haraka. Vijana walikuwa wengi mbele, uwanja ukaelekea kushinda, kelele zikaanza. Mama mmoja mzee, anayefanya kazi mwaloni, mahali wachimbaji wadogo wanapooshea mawe ya dhahabu yaliyosagwa, akasimama na kuwaomba wanaume wote ambao wake zao walijifungua mwaka huo wanyooshe mkono. Kisha akawaomba washushe wale ambao hawakulipa bodaboda ya usiku. Mikono ilibaki juu karibu yote. Kura ikarudiwa: zahanati 231, uwanja 88, barabara 61.

Madai ya vijana hatukuyatupa. La ajira na la mboga hayana haja ya kusubiri CSR. Kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini zinaitaka kampuni itoe nafasi kwa bidhaa, huduma na wafanyakazi wa hapa. Kikundi cha bustani kimeandikiwa barua yake tofauti kwenda kitengo cha ununuzi. Naona ni kosa kubwa kukipakia kila kitu kwenye CSR, kana kwamba mgodi una mlango mmoja tu.

Muhtasari umesainiwa, mahudhurio yameambatishwa. Tunza mahudhurio. Yametuokoa baadaye.

9 Machi 2024: Tumeombwa kupunguza

Mhandisi wa halmashauri amekuja, amepima boma na kuandika makadirio ya 78,000,000. Kozi mbili za juu zishushwe zijengwe upya. Kwenye kikao cha halmashauri na kampuni, vijiji vinavyozunguka mgodi vikiwa kumi na moja, tumepewa 52,000,000. Kilichokatwa ni nyumba ya mtumishi. Nilipinga, nikaambiwa itakuja awamu nyingine. Nimeandika kwenye daftari kwamba nilipinga.

Jambo la kalenda lilitupotezea miezi: mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza Julai, wa kampuni unaanza Januari. Orodha yetu ya Oktoba iliikuta halmashauri inaanza bajeti na kampuni inafunga vitabu. Ukitaka mradi wako uingie mpango wa Januari, muhtasari wa kijiji uwe mezani kwa mtendaji wa kata mwezi Agosti.

6 Mei 2024: Mpango umesainiwa

Kampuni haitoi fedha mkononi. Inalipa wazabuni moja kwa moja baada ya halmashauri kuthibitisha mzigo umefika, na mafundi ni wa hapa hapa kijijini. Kamati yetu inapokea, inahesabu, inasaini. Tumenunua leja mbili na kufuli tatu za stoo, funguo kwa watu watatu tofauti: 38,000.

18 Juni 2024: Paa

Kozi zimejengwa, kenchi zimepigwa, mbao zina dawa ya mchwa. Paa 14,600,000 pamoja na fundi. Kulikuwa na tatizo moja tu. Makadirio yanasema bati za geji 28, na zilizoshushwa ni 132 za geji 30, nyembamba zaidi. Geji imepigwa chapa kwenye bati lenyewe. Mtunza stoo wetu aliisoma kabla dereva hajasainiwa hati. Bati zikarudi na lori lile lile, zikaja sahihi siku ya tisa. Tungesaini kwanza, lori lingeondoka na hoja yetu.

11 Julai 2024: Mchanga

Hili ndilo kosa kubwa la mradi wote, kwa hiyo naliandika kwa urefu.

Mchanga wa mtoni hapa ni 180,000 kwa lori. Akatokea muuzaji akatuambia anao wa 120,000, msafi, hauna hata jiwe. Tuliona nafuu ya 240,000 kwa malori manne na tukakubali, mimi nikiwa wa kwanza. Ukashushwa jioni. Rangi yake kijivu, laini kama sembe. Fundi mkuu alisema utapiga lipu nzuri isiyo na mikwaruzo. Vyumba vitatu vikapigwa lipu, na sakafu ya chumba cha kujifungulia ikamwagwa na kupigwa niru.

Siku ya sita niliupitisha mkono ukutani, kiganja kikatoka cheupe. Nikakwangua kwa ufunguo: lipu ikashuka kama unga. Sakafuni kulikuwa na nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Tukadhani saruji ni mbovu. Tukaangalia tarehe kwenye mifuko, iko sawa. Tukamlaumu fundi kwamba amebana saruji, naye akalia machozi mbele ya kamati. Bado naona aibu kwa siku ile.

Aliyetuonyesha ni yule mama wa mwaloni. Alikuja kuleta uji wa mafundi, akainama kwenye lundo, akachukua kiasi, akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akakinusa. "Ng'wanawane," yaani mwanangu, akaniambia, "mchanga huu mmeutoa wapi? Haya ni marudio."

Kwa asiyejua: mchimbaji mdogo akitoa mawe yenye dhahabu anayasaga kwenye karasha mpaka yawe unga, anayaosha mwaloni, kisha anakamatisha dhahabu kwa zebaki. Unga unaobaki ndio marudio. Bado una dhahabu kidogo, ndiyo maana wengine huyanunua wakayachenjue tena kwa sayanaidi. Na bado una zebaki. Sisi tulikuwa tumeupaka kwenye kuta za chumba atakapozaliwa mtoto.

Fundi hakuwa na kosa. Unga ule ni mwembamba mno. Saruji haina punje za kushika. Muuzaji alipobanwa alikiri alizoa lundo lililotelekezwa kwenye mwalo wa zamani.

Hasara ni hii: saruji mifuko 46 kwa 23,000, jumla 1,058,000. Ufundi 640,000. Mchanga wenyewe 480,000. Zote 2,178,000. Tulikimbilia nafuu ya 240,000.

29 Septemba 2024: Tumebomoa, tumepiga upya

Afisa mazingira wa halmashauri alikuja siku mbili baada ya simu yetu. Alituelekeza tumwagie maji kabla ya kubomoa ili vumbi lisipae, mafundi wavae barakoa na glavu, watoto wasikaribie, na mabaki yasimwagwe bondeni hata koleo moja. Tumeyafunga kwenye mifuko na kuyapeleka kwenye yadi ya uchenjuaji yenye sakafu ya zege, ambako marudio huhifadhiwa. Usafiri na vifaa vya kinga, 310,000.

Kampuni imekataa kuongeza fedha, na naona ilikuwa sahihi. Uamuzi wa mchanga ulikuwa wetu na saini ilikuwa yetu. Mkutano wa kijiji uliitwa. Nilisimama nikaeleza kila kitu na tarakimu zake, nikamwomba fundi radhi hadharani. Muuzaji amerudisha 480,000. Kaya 337 kati ya 412 zimetoa 2,500 kila moja, yaani 842,500. Fundi amefanya kazi ya pili kwa nusu ya ujira, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Pengo lililobaki tumelifidia kwa kupunguza rangi: ndani koti mbili, nje chokaa.

Tangu siku hiyo hakuna lori la mchanga linaloshushwa kabla ya kipimo cha chupa. Chukua chupa ya maji inayoonekana ndani, jaza mchanga theluthi, ongeza maji hadi karibu na mdomo na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache imesimama mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, na vumbi na udongo vitajipanga juu yake kama utando. Utando huo usizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga. Mchanga wa mtoni ulitupa mstari mwembamba tu. Yale marudio, tulipoyapima baadaye, chupa nzima ilikuwa tope mpaka asubuhi. Gharama ya kipimo ni chupa tupu. Kipimo hiki hakionyeshi zebaki. Kwa hilo, kama unakaa eneo la machimbo, usinunue mchanga ambao hujauona ukichotwa.

15 Desemba 2024: Kisima

Kisima hakikuwa kwenye milioni 52. Kampuni ilikileta yenyewe, kwa mkandarasi wake, na gharama zake hatujawahi kuonyeshwa. Nimeuliza mara tatu kwa maandishi. Kitu kinapoingia kwenye hesabu ya CSR ya kijiji chetu, kijiji kinastahili kuona bei yake, hata kama ni zawadi nzuri.

Tundu la kwanza, mita 90, likatoa maji ya kujaza ndoo mbili kisha kimya. La pili lilitoa vizuri. Watu walishangilia, pampu ya mkono ikafungwa siku hiyo hiyo, wengine wakaanza kuchota. Majibu ya maabara yalikuja wiki tatu baadaye: aseniki imezidi kiwango cha miligramu 0.01 kwa lita. Miamba ya dhahabu ya ukanda wetu ina aseniki kwa asili yake, na maji ya chini yanaweza kuibeba bila rangi, harufu wala ladha. Maji yalikuwa matamu. Ilibidi tuwaeleze watu kwamba maji matamu na maangavu ndiyo hayo wasiyoweza kunywa, na siku mbili hakuna aliyetuamini. Mtaalamu wa maji amefungua mkono wa pampu na kuondoka nao.

Kosa: pampu isifungwe kabla ya majibu ya maabara. Wiki tatu si nyingi.

8 Februari 2025: Maji ya mvua

Kwenye makadirio kulikuwa na 4,600,000 za kuvuta mabomba kutoka kisimani. Kwa muhtasari wa kamati na saini ya mhandisi tumezihamishia kwenye gata na matangi ya plastiki. Hesabu yetu ni rahisi: mvua ya milimita moja kwenye bati la mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu ni mita za mraba 180. Hapa kiangazi kikavu ni Juni hadi Agosti, siku kama 90. Zahanati ndogo tumeikadiria lita 200 kwa siku, kwa hiyo lita 18,000. Tumeweka matangi mawili ya lita 10,000. Ili kuyajaza yote inatosha mvua ya milimita 111 kama hakuna inayopotea; tuseme 140. Mwezi mmoja wa masika unatosha.

Tangi la kwanza lilikaa kwenye jukwaa la tofali na likapasua kona lilipojaa mara ya kwanza. Lita 10,000 ni tani 10. Jukwaa la pili limejengwa kwa mawe na jamvi lenye nondo. Marekebisho 270,000.

30 Machi 2025: Wakaguzi wa afya

Timu ya Mganga Mkuu wa Wilaya imekagua kwa ajili ya usajili. Wamesifu dari na madirisha. Kisha wameandika mapungufu matatu. Shimo la kondo la nyuma halina mfuniko unaofunga. Mlango wa chumba cha kujifungulia ni sentimita 80, machela haipiti na mtu pembeni. Na hakuna nyumba ya mtumishi.

La mlango liliniuma. Machela tulikuwa nayo stoo tangu Januari, na hakuna hata mmoja kati yetu tisa aliyeichukua akaipitisha mlangoni. Mkunga mstaafu wa kijijini kwetu aliniambia angeliona siku ya kwanza, ila hakuna aliyemwita. Mlango umepanuliwa hadi mita 1.2, pamoja na lenta mpya: 480,000. Mfuniko 95,000.

Nyumba ndiyo ile iliyokatwa Machi mwaka jana. Nilipeleka daftari langu kwenye kikao cha halmashauri na kampuni nikasoma ukurasa wenyewe. Imeingia kwenye mpango wa mwaka huu. Kwa sasa kijiji kimepanga nyumba ya vyumba vitatu kwa 60,000 kwa mwezi, na tumelipa miezi sita kutoka mapato ya mnada.

16 Juni 2025: Mlango umefunguliwa

Usajili umetoka. Muuguzi mmoja ameripoti, dawa za kuanzia zimekuja, jokofu la chanjo linatumia umeme jua.

Milioni 52 zimekwenda hivi: paa 14,600,000, lipu, sakafu na rangi 10,200,000, milango, madirisha na dari 11,300,000, vyoo, shimo la kondo na kichomea taka 7,900,000, umeme jua na nyaya 3,400,000, gata na matangi 4,600,000. Nje ya hizo, kijiji kimetoa fedha za boma la 2019, hasara ya mchanga, mlango, jukwaa na pango la nyumba. Tarakimu zote zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na nakala ya leja inaweza kuonwa na yeyote siku za kazi.

Kampuni ilitaka siku ya uzinduzi yenye hotuba na bango. Tumekubali bango, tukaomba jambo moja: liandikwe kiasi kilichotolewa na kampuni na kiasi kilichotolewa na wananchi. Wameandika vyote viwili. Nawashukuru kwa hilo, na kwa afisa mahusiano wao ambaye simu yetu hakuacha kuipokea hata mara moja.

10 Agosti 2025: Yanayoendelea

Wiki nane. Wajawazito 41 wameandikishwa kliniki, watoto sita wamezaliwa hapa. Wa kwanza ni wa kike.

Matangi yamebaki na lita kama 6,500 kwa kipimo cha fimbo, matumizi yakiwa makubwa kuliko tulivyokadiria: karibu lita 230 kwa siku, kwa sababu wagonjwa wanaosubiri nao wanakunywa. Tukifika Septemba bila mvua tutanunua maji ya boza. Tangi la tatu liko kwenye orodha.

Msingi wa nyumba ya mtumishi umechimbwa. Mchanga umepimwa kwa chupa, malori matano, moja limerudishwa.

Kikundi cha bustani kimejibiwa na kitengo cha ununuzi: kianze na kilo 200 za nyanya kwa wiki, kwa majaribio ya miezi mitatu. Wamesajili kikundi na kupata namba ya mlipakodi. Kuanzia hapo watakuwa na shajara yao wenyewe.

Jambo ambalo kamati imeanza kulijadili ni mgodi utakapofungwa. Buzwagi, Kahama, ilianza 2009 na ikasimamisha uzalishaji 2021. Golden Pride ya Nzega, mgodi wa kwanza mkubwa wa kisasa wa dhahabu nchini, nao uliisha. Muuguzi na dawa ni vya Serikali, hivyo havitaondoka na kampuni. Lakini pango, maji ya boza, betri za umeme jua na ulinzi ni vya kijiji. Nimepiga hesabu, ni kama 1,900,000 kwa mwaka. Mkutano mkuu wa Septemba utaamua zitoke wapi: ushuru wa mnada, au mchango wa 5,000 kwa kaya kila mwaka baada ya mavuno. Nitaandika matokeo hapa.